Mchanga Hautolewi Wote Siku Moja

Ukuta ulianza kutoka jasho katikati ya Januari, na kila mtu wa Kitale anaijua Januari yetu ilivyo: vumbi mpaka ndani ya sukari, midomo imepasuka, hata mbwa hawabweki kwa uvivu wa kiu. Hakuna ukuta unaotoka jasho mwezi huo. Lakini wa kile chumba kipya cha nyuma, chumba alichotengenezewa mtoto ambaye hata hajazaliwa, ulikuwa umelowa kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, na pale ulipokauka uliacha unga mweupe. Kabura aliugusa kwa kidole, kisha akakitia kidole mdomoni kama mtu anayeonja mchuzi. Chumvi. Tena chumvi tamu, akasema moyoni. Hapo angekuwa na akili angekimbia, ila akili ya Kabura tangu zamani ilikuwa ya kuhesabia wengine makosa.

Sitamwonea huruma huyu mwanamke, nawaambia mapema. Ila haki yake nitampa. Miaka minane alikaa kwa mumewe, Waithaka, bila mtoto, na miaka hiyo minane mama mkwe wake, Nyambu, hakukosa neno. Harusini, matangani, popote watu walipokaa kula, Nyambu angeinua kikombe na kusema, "Mwanangu anapalilia jiwe." Kabura alikuwa akicheka na wengine. Kwa hiyo mimba iliposhika, Septemba, aliishika kwa mikono miwili, na ninyi mngeishika vivyo hivyo. Alikuwa tayari kumpoteza mume, nyumba na jina lake lote, mradi mtoto huyo atoke akilia.

Nyumba yenyewe ilikuwa nyuma ya msikiti. Waithaka, ambaye anauza spea za mashine za kusaga, aliinunua kwa Bi Sabiha, mjane wa marehemu Abdirashid, wakati mama huyo alipohamia Bungoma kwa mwanawe Nasir. Sebuleni, ndani ya ukuta, mlikuwa na tangi la samaki wa maji ya chumvi, refu kuliko jeneza, lenye taa ya buluu na samaki wa rangi ambao wengi wetu tulikuwa tukiwaona kwenye kalenda tu. Abdirashid aliuleta mchanga wake kutoka Pwani miaka kumi na tisa iliyopita. Sharti la Bi Sabiha lilikuwa moja: tangi lisiguswe, naye atakuja kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi kulitunza mwenyewe. Waithaka akamwahidi. Mwanamume akitaka nyumba huahidi chochote.

Kabura hakupenda. Mwanamke mwenye buibui anakuja sebuleni kwake, anavua viatu, anachota maji kwa kikombe cha shaba na kunong'ona juu ya kioo! Desemba akamngojea.

"Bi Sabiha, hii mchanga ni chafu," akasema. "Jumamosi akina mama wa kanisa wanakuja kuniombea. Nataka itolewe yote, niweke ile nyeupe nimenunua Eldoret."

"Mchanga wa tangi lililokomaa hautolewi wote siku moja, binti yangu," akasema Bi Sabiha kwa upole. "Mna vijidudu humo, havionekani, ndivyo vinavyokula uchafu wa samaki. Ukiutoa wote, maji yanageuka sumu. Unatoa robo. Unangoja miezi mitatu, walio ndani wazoee. Halafu robo nyingine. Robo kwa robo, mwaka ukiisha umebadilisha wote na hakuna aliyeshtuka."

"Na ile ya zamani unapeleka wapi?"

"Nasir anaurudisha baharini. Usikae nchi kavu."

"Kwani ukikaa?"

Bi Sabiha aliangalia samaki kwanza. "Marehemu alikuja na kitu ndani ya mchanga huu bila kujua. Tulijaribu kukitoa, kikakataa. Basi tukakifuga. Chumvi inakishika, na kinakula samaki mmoja mmoja, wanakitosha. Nchi kavu samaki hakuna."

Kabura alicheka mpaka akashika tumbo. "Ati jini? Kwa nyumba ya mtu ameokoka? Si uende na yeye Bungoma basi!" Akakichukua kile kikombe cha shaba kutoka mkononi mwa mama wa watu, akachota maji ya tangi, akayamwaga ndani ya viatu vyake vilivyokuwa mlangoni. "Vaa. Uende. Na usirudi hapa."

Mwanamke wa miaka sabini alivaa viatu vimejaa maji, akaokota kikombe chake, akaondoka akiacha alama mpaka getini. Kabura aliliona jambo hilo kuwa ushindi, na jioni akamsimulia Waithaka huku akiigiza mwendo wa yule mama. Waithaka alicheka kidogo, kisha akaacha.

Kesho yake, Ijumaa, kazi ikafanywa. Khisa, fundi kutoka Sirisia aliyekuwa akimalizia chumba cha mtoto, ndiye aliyeuchota mchanga kwa karai. Juu ulikuwa mweupe, katikati kahawia, na chini kabisa mweusi kama masizi ya sufuria, na alipoutoboa ule mweusi ikapanda harufu ya mayai viza iliyomfukuza paka hadi juu ya paa. Samaki waliokuwa kwenye ndoo walirudishwa juu ya mchanga mpya. Saa kumi maji yakawa kama maziwa. Jioni samaki walikuwa wamelala ubavu, midomo ikifunguka na kufunga. Jumamosi akina mama wa kanisa wakaomba na kuimba, wamelipa mgongo tangi lililofunikwa kwa leso, na mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama kuna choo kimeziba.

Mchanga wa zamani ulijaza magunia matatu. Khisa alitaka kuumwaga shimoni nyuma ya choo.

"Unamwaga mchanga?" Kabura akashangaa kabisa. Alikolelewa yeye hakikutupwa kitu: gunzi la mahindi lilikuwa kuni, maji ya kuoshea sufuria yalikuwa ya nguruwe, hata majani ya chai yalianikwa yakachemshwa tena. "Si chumba ya mtoto bado plasta? Mchanga ni mchanga. Piga hiyo."

"Mama, hii iko na chumvi," akasema Khisa. "Ukuta itakuwa inaria tu. Prasta haitashika, nakwambia."

"Piga, bana. Wewe ni fundi ama ni mganga?"

Akapiga. Pale mwiko ulipokuwa haufiki vizuri alisawazisha kwa viganja vyake vitupu. Likabaki tangi tupu sebuleni, halina maji wala samaki, na chumba cha mtoto chenye ukuta laini, mzuri, uliokuwa na harufu kidogo.

Na ndivyo tunavyofika kwenye jasho la Januari.

Kabura alikuwa na mimba ya miezi minne, na tamaa ya udongo ilikuwa imemshika vibaya. Si jambo geni. Wajawazito wetu hununua odowa sokoni, yale mawe laini ya kula, wakayatafuna kwenye mikoba yao hata kanisani. Lakini odowa zikaanza kumchachia mdomoni. Alichotaka ni ule ukuta. Mwanzo alikuwa akikwangua unga mweupe kwa ukucha. Wiki ya pili alikuwa akipiga magoti pembeni, nyuma ya mahali kitakapokaa kitanda cha mtoto, anaulamba. Wiki ya tatu alitumia meno. Kipande kidogo tu, cha ukubwa wa punje ya maharagwe, akakiacha kiyeyuke ulimini, na mwili wake wote ukatulia kama mtu aliyefika nyumbani. Akafuta mdomo, akasogeza kikapu cha nguo mbele ya lile pengo. Waithaka hakujua. Hakuna aliyejua.

Februari unyevu ukaanza kujichora. Pale mwanzo ulikuwa doa tu, kisha doa likawa na mgongo, kisha likawa na kichwa kikubwa kilichoinama na miguu iliyokunjwa. Mchungaji alikuja akapaka mafuta ya upako. Mafuta yakateleza hadi sakafuni na doa likabaki. Kila Kabura alipotoka kliniki akiambiwa mtoto ameongezeka, alirudi akakuta na la ukutani limeongezeka kiasi kilekile. Na kukaanza ile sauti. Mnakumbuka pampu ya tangi inavyoguguma, mfululizo, kama mtu anayesukutua koo? Tangi lilikuwa tupu, pampu iko kabatini imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na sauti ile ilikuwa inatoka chumba cha mtoto.

"Ni paipu," Waithaka akanong'ona, wamesimama wote wawili kwenye korido.

"Kwa hiyo ukuta hakuna paipu."

"Basi ni ya jirani."

"Waithaka. Huko nyuma hatuna jirani."

Kisha akaja Khisa. Alikuja mchana, amefunga mikono kwa vitambaa, na alipovifungua pale barazani Waithaka aliinuka akasimama mbali. Viganja vilikuwa vyeupe, vimekakamaa, vimepasuka kama plasta iliyokauka vibaya, na kila alipovikunja kilianguka kipande, na chini ya kipande hapakuwa na damu. Palikuwa na mchanga.

"Nakunywa maji siku mzima," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Siwezi rara. Nikifunga macho nasikia mtu ananiambia, nirudishe. Mama, niambie, ile mchanga uritoa wapi?"

Kabura alimwambia aende hospitali akaache kutisha mjamzito. Akafunga mlango. Siku tisa baadaye mkewe akapiga simu kutoka Sirisia, hata kulia hawezi tena. Walimkuta Khisa asubuhi ameinamia karai la maji, uso wote umo ndani. Lakini hakuwa amezama, maana karai lilikuwa kavu, amelimaliza, na ulimi wake ulikuwa umeshikana na chuma. Alikufa kwa kiu.

Waithaka alitaka kwenda kwa Bi Sabiha siku hiyohiyo. Kabura akakataa. Atakwenda kumpigia magoti mama aliyemfukuza yeye mwenyewe, halafu Nyambu asikie? Angekataa mpaka leo kama si ile Jumanne.

Ilikuwa saa nane mchana, jua limewaka, stima imepotea mtaa mzima hata redio za majirani zimenyamaza, na Kabura alikuwa amepiga magoti pembeni mdomo wake uko ukutani aliposikia mtoto akimpiga teke tumboni, teke la kwanza la nguvu, akafurahi, akaweka mkono, na wakati uleule kitu kikampiga teke shavuni kutoka ndani ya ukuta, pale pale palipokuwa na doa la mguu, plasta ikavimba kisha ikarudi, naye akarudi nyuma akikokota makalio sakafuni, na mtoto akapiga tena na ukuta ukapiga tena, pamoja, kama wawili wanaopimana, na ule mgugumo ukazidi na harufu ya mayai viza ikamjaa puani, na akiwa ameshikilia mlango akaliona lile doa likigeuza kichwa chake kikubwa polepole, jinsi mtoto anavyojigeuza tumboni akikaribia kutoka, mpaka uso ukamwelekea yeye, na uso ule haukuwa na kitu isipokuwa mdomo, na mdomo ulikuwa na umbo la pengo alilolikata kwa meno yake mwenyewe.

Jumatano walikuwa Bungoma.

Bi Sabiha aliwakaribisha kwenye mkeka, akawapa chai ya tangawizi. Alisikiliza yote bila kumkatiza Waithaka. Kisha akamtazama Kabura.

"Viatu vyangu vilikauka siku ya pili," akasema. "Vilibaki na weupe wa chumvi. Sikuvipiga rangi."

"Nisamehe, mama," Kabura akanong'ona. Magoti yalikuwa chini. "Si kwa ajili yangu. Niokolee mtoto. Hii ndiyo moja niko nayo."

"Nitakuja," akasema Bi Sabiha. Hakusema amesamehe.

Alhamisi ya kwanza ya Machi akafika na kikombe chake cha shaba na gunia la chumvi ya tangi. Mchanga mweupe wa Eldoret akautoa na kuutupa. Akamwambia Waithaka abomoe plasta yote ya kile chumba, punje ya mwisho, kwa nyundo na patasi, afagie, arudie kufagia. Waithaka alifanya kazi kutwa nzima, shati limemshika mgongoni. Alipokisogeza kile kikapu cha nguo akakuta pengo pembeni, chini, laini, lenye alama ndogo za mviringo.

"Nini hii?"

"Panya," akasema Kabura.

Bi Sabiha aliinama akalipapasa lile pengo kwa dole gumba. Kisha akamwangalia Kabura mdomoni.

Walijaza tangi maji, wakakoroga chumvi, wakamimina vipande vya plasta. Bi Sabiha akaketi kitini mbele ya kioo akaanza kusoma, kwa sauti ya chini isiyopanda wala kushuka, na simenti ikaanza kuachana na mchanga, ikaelea juu kama povu la maharagwe, akawa anaiondoa kwa kikombe. Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghala ya mahindi wakati kile kitu kilipotoka. Hawakukiona. Waliona tu unyevu ukitambaa kutoka mlango wa chumba cha mtoto, ukija na korido taratibu, upana wa mgongo wa mtu, wakabana ukutani, baridi ikawapita magotini, na Waithaka akajikojolea bila kujijua. Ulipita miguuni pa Bi Sabiha. Ulipanda kioo. Maji ya tangi yakainuka kidogo, yakashuka, na pampu ikaanza yenyewe.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Sabiha. Akaingiza mkono, akausawazisha mchanga kwa kiganja kama mtu anayetandika shuka.

Mchanga ukatulia. Kisha pembeni, mbele ya macho yao, ukadidimia. Lilikuwa shimo la ukubwa wa ngumi. Bi Sabiha akalifukia. Likafunguka. Akalifukia tena, akalishindilia, na alipotoa mkono likafunguka tena palepale.

"Hautoshi," akasema. "Kuna mchanga umebaki nje. Huyu hatalala mpaka mahali pake pajae." Akajifuta mkono. "Fundi alikwenda na wake kaburini, huo umerudi ardhini na yeye. Huu ni mwingine. Nauliza. Kuna mtu ameula?"

Waithaka akashtuka. "Kula mchanga? Nani anakula mchanga, mama?"

"Nauliza tu. Kama ameula, ninayo dawa ya kunywa. Itautoa wote usiku huu." Sasa alikuwa akimwangalia Kabura peke yake. "Lakini dawa yangu haichagui. Itatoa mchanga, na itatoa kila kilicho karibu na mchanga. Sikufichi. Kabura, umeula?"

Mtoto akajigeuza tumboni. Kabura alimsikia kisigino.

"Hapana."

"Umeula?"

"Nimesema hapana."

"Hii ni mara ya tatu, sitarudia. Umeula ukuta wa mtoto wako?"

Miaka minane. Mwanangu anapalilia jiwe. "Ni panya," akasema Kabura, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Haya," akasema Bi Sabiha, akavaa viatu vyake vyenye weupe wa chumvi. "Nitakuja Alhamisi ya kwanza, kama zamani. Yeye aliyemo tangini atajitafutia."

Basi mtoto akazaliwa mwisho wa Juni, mvulana, akalia kwa nguvu mpaka muuguzi akacheka. Vidole kumi na kumi. Alama ndogo nyekundu kwenye goti la kulia. Kabura alimkagua kila mahali, akamnusa, akalamba hata kipaji cha uso: hakuna chumvi. Alilia kwa furaha siku mbili. Alikuwa amemshinda Bi Sabiha, amelishinda jini, amemshinda na Nyambu, ambaye alikuja na uji wa wimbi na kumchukua mtoto mapajani. Kwa kuwa mvulana wa kwanza hupewa jina la babu yake upande wa baba, mtoto aliitwa Kibe, jina la marehemu mume wa Nyambu, na bibi akawa anamwita "mume wangu" na kumwuliza mbona amechelewa kurudi. Hata Kabura alicheka, safari hii kwa moyo.

Tangi likakaa kimya. Bi Sabiha alikuja, akatia samaki wapya, akatunza. Shimo lilikuwa palepale pembeni. Kabura akazoea kutoliangalia.

Mwisho wa Septemba, akimwogesha Kibe, aliona ile alama nyekundu ya goti haipo. Akageuza mguu wa pili, hakuna. Akashika nyayo, zikawa baridi, na mtoto hakuivuta miguu jinsi alivyozoea akitekenywa. Ndani ya beseni, maji yalipotulia, kulikuwa na punje tatu za mchanga. Jioni ile akaenda sebuleni akapiga magoti mbele ya kioo. Lile shimo lilikuwa limepungua, si sana, robo tu. Na mchanga uliolijaza ulikuwa na rangi ya ngozi.

"Mtoto mwenye afya," alisema Waithaka. "Tazama miguu yake ilivyonenepa."

Mwisho wa Desemba, kitovu kikapotea. Si kwamba kiliingia ndani. Hakikuwapo, tumbo limekuwa laini kama sahani. Kabura alimpeleka kwa daktari, daktari akatazama, akatazama karatasi zake, akasema vitovu hutofautiana. Shimo likabaki nusu. Mwisho wa Machi alimlaza kifuani kwake amsikilize moyo, na kifuani mwa Kibe akasikia ule mgugumo, mfululizo, mtu anasukutua koo. Mikono iliyomshika shingoni ilikuwa na baridi na ilikuwa na nguvu kupita mikono ya mtoto.

Alimwahi Bi Sabiha getini, Alhamisi, akamshika buibui.

"Nipe ile dawa. Mama, nimekosa, niliula, niliula ukuta. Nipe ninywe mimi."

"Wewe huna tena kitu cha kutoa," akasema Bi Sabiha.

"Basi mpe yeye."

"Atoke nani? Kile kitu, au kile kilichobaki cha mwanao?" Akaitoa mikono ya Kabura kidole kimoja kimoja. "Nilikuuliza mara tatu. Na kabla ya hapo nilikueleza namna inavyofanywa. Robo kwa robo, ili waliomo nyumbani wasishtuke." Akavua viatu mlangoni, akaingia kutunza tangi lake.

Sasa ni Juni. Wiki ijayo Kibe anatimiza mwaka, na Nyambu amekwisha kununua mbuzi. Shimo la mchanga limebaki la kuingiza kidole kimoja. Kuanzia shingoni kwenda chini mtoto anatambaa, anasimama, anapiga makofi, wageni wanamsifu. Ila kichwa bado ni cha mtoto wa Kabura. Macho ni yale aliyozaliwa nayo, na macho hayo humtafuta mama yake chumba kizima, na yakimpata hujaa machozi ya kawaida, yasiyo na chumvi kupita ya mtoto yeyote, huku mikono ikicheza kwa furaha yake yenyewe pale chini. Yanajua. Hilo ndilo linalomuua Kabura, kwamba mtoto anajua.

Jana, mbele ya watu wote, Kibe alisema neno lake la kwanza.

"Mama."

Nyambu akapiga vigelegele. Waithaka akatoa simu apige picha. "Sema tena! Sema tena, mume wangu!"

"Mama," akasema Kibe. "Mama. Mama. Mama."

Na Kabura, akijua sauti hiyo bado ni ya mwanawe, akamwitikia kila mara, upesi upesi, bila kuruka hata moja, mpaka wageni wakaanza kucheka.